Kizibao Namba Kumi na Nne

Uwanja wetu wa Mabela hauna nyasi.
Una mchanga uliotulizwa kwa maji
ya lori la ami yangu Thuwaini,
ambaye kwa kazi hiyo halipwi, ila hupewa kiti
karibu na kibendera cha kona, na ruhusa ya kusema.

Mimi hukaa jukwaani, kompyuta mapajani,
feni ya betri ikinipuliza shingo.
Agosti, saa mbili usiku, joto bado thelathini na saba.
Chini, vijana ishirini na wawili wa majaribio
wamevaa vizibao vyeusi vyenye kidude mgongoni,
kidogo kama kiberiti,
kinachonipa mita, mwendo, mapigo ya moyo.
Kila kitu. Ndivyo nilivyomwandikia mwenyekiti: kila kitu.

Ami hakiamini kiberiti.
"Zuwena, macho hayana pazia," hunambia.
"Na mali bila daftari, ami, huisha bila habari."
Tunacheka, tunachukiana kidogo,
tunamaliza chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi.

Usiku ule alimtaka Ghassan, mrefu, wa mguu wa kushoto.
"Mtizame anavyousubiri mpira. Haukimbilii.
Anaungoja kama mtu aliyeagiza chakula
na anajua kitakuja."
Nilitizama. Nilimwona kijana amesimama.

Lakini kizibao chake, namba kumi na nne, kilisema vingine:
kilomita kumi na nukta mbili,
mbio za kasi thelathini na moja,
na moyo, hata dakika ya themanini na tano,
ukishuka upesi baada ya kila mbio
kama ndoo iliyoachiwa kamba.
Nikapiga hesabu mara mbili. Nikateremka.
"Ami, leo daftari na jicho vimekubaliana."
Akanipa mkono. Miaka minne
hakuwahi kunipa mkono kwa sababu ya kazi.

Ghassan akasajiliwa. Picha, skafu,
baba yake na kilemba cha sikukuu.
Msimu mzima aliungoja mpira.
Mpira haukuja.

Januari, ndani ya lori, ami alitoa pochi
na ndani ya pochi picha iliyokatika pembe:
kaka yake Harith, uwanja wa Ng'ambo, mkono kiunoni,
mguu wa kushoto juu ya mpira kama juu ya kizingiti cha kwao.
"Anasimama kama yeye," akasema. "Nilijua tangu dakika ya kwanza.
Hukuniuliza."
Macho hayana pazia, kweli. Lakini yana ukumbi,
na katika ukumbi wa ami kuna mtu amekaa, haondoki.

Nilimsamehe kwa kiburi. Hesabu zangu, nikajisemea,
hazina kaka.

Hata siku moja, Al Khoud, mlango wa jengo letu,
kijana mfupi na mtungi wa gesi begani:
"Dada wa kompyuta!"
Jina lake Muhanna. Usiku ule alikuwa namba kumi na tisa,
au tuseme alipewa kumi na tisa.
Ghassan kizibao kilimbana kifua,
wakabadilishana nyuma ya lori la maji.
Alinihadithia akicheka, kama kisa cha skuli.

Kumi na tisa nilikikumbuka.
Kilomita sita. Nilikipaka rangi nyekundu
nikaandika pembeni: Hapana.
Na nukta nikaitia.

Nyuma ya lori, hatua kumi kutoka kiti cha ami!
Yeye alikuwa anatizama uwanja.
Mimi nilikuwa natizama kioo.

"Bado unacheza?"
"Mitungi arubaini kwa siku, dada. Na lifti yenu mbovu."
Akauweka sawa begani, akapanda mbio.
Nami, kwa mazoea, nikaanza kuhesabu ngazi.
Kwenye ya kumi na moja nikaacha, nikainua uso.
Alikwisha kata kona.