Kabla Hujahesabu Hela

Bwana Singano, rudisha kwanza bahasha mfukoni.
Zunguka nami. Jua la Chumbageni bado halijakolea,
na mimi sitaki uje unilaani ukiwa Mkata,
umekwama, boneti juu, malori yanakupita.

Gari hili limenitangulia kuja duniani.
Kadi inasema hamsini na nane,
lakini kadi yenyewe panya wamekula kona,
kwa hiyo mwaka huo tunauamini kwa heshima tu.

Wekundu unaouona ubavu wa kulia
ni wangu, nimeupaka kwa brashi, Idi iliyopita.
Kushoto ni rangi yake ya zamani, imepauka
ikawa kama ulimi wa mgonjwa wa homa.
Sikuigusa. Pale ndipo penye jina la shamba la mkonge:
herufi tano zimebaki, nyingine zimekwenda na mvua.

Pampu inavuta. Jana tuliijaribu kisimani
ikarusha maji hadi uani kwa Bi Tunu,
kanga zake zikaanguka kutoka kambani, nikalipa sabuni.
Tangi linavuja, hapa, chini ya bomba la nyuma:
tone, kisha kimya, kisha tone,
kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.
Ukifika Handeni lipeleke kwa mchomeleaji.
Usikubali gundi. Mimi walinitilia gundi.

Usukani unataka mabega.
Breki, kanyaga mara tatu: ya tatu ndiyo breki,
mbili za mwanzo ni salamu.

Unauliza limezima mioto mingapi.
Sijui. Mimi nililikuta mnadani, nyasi zimeota kwenye ngazi.
Aliyejua ni dereva wake, Shemhilu,
aliyekuja hapa mara moja, akapanda, akakaa
nusu saa nzima, mikono usukanini, bila kuwasha.
Alisema katani haiwaki kama karatasi.
Inaliwa ndani kwa ndani, robota kwa robota;
juu pamepoa, watu wameshakunja mipira,
na chini bado kuna mdomo unatafuna.
Ghala la Pongwe walilimwagia siku tatu.
Ya nne akaenda nyumbani, akalala na viatu.
Hayo ndiyo aliyonieleza. Mengine alishuka nayo.

Sasa bei.
Kuna kijana wa chuma chakavu, alikuja na mizani,
alitaka kulikata papa hapa kwa gesi,
na kilo zake, nisikufiche, zilizidi hela yako
kwa laki nane. Mke wangu anazijua hizo laki nane.
Kila asubuhi ananiandalia mezani pamoja na chai.
Wewe ulisema utabebea maji, Misima na Sindeni.
Nikakuuliza: na kengele, utaing'oa?
Ukanishangaa. Ukasema,
sasa watu watajuaje kuwa maji yamefika?
Hapo ndipo laki nane zilipopotea.

Basi hesabu. Hesabu wewe, vidole vyangu vina grisi.
Shahidi ni fundi Mhina. Kalamu ni ya dukani, irudishwe.

*

Umeshaondoka. Watoto wamekukimbilia
hadi pale lami inapoanza, wamerudi na vumbi la furaha.
Kuku wamekuja kulikagua doa la oili,
wameligeuzia shingo, wameliacha.

Ndipo nikakumbuka gia ya rivasi:
sikukwambia kuwa lazima uikandamize, uisukume kulia,
uinyanyue kidogo, na hata hivyo
si kila siku inakubali.

Nikapiga simu. Inaita, inaita.
Ndani ya lile bodi husikii hata jina lako.
Kisha, mbali, upande wa Kange, kengele,
mara moja tu, bila moto, bila maji:
mtu anajaribu mali yake.