Alhamisi Hufungua Lango

Alhamisi ndiyo siku yao ya kuachia watu.
Sijui nani aliipanga hivyo.
Kliniki ya Barka hufunga Alhamisi saa nane,
Ijumaa mapumziko, Jumamosi mapumziko,
na virusi havina kalenda.

Nikahesabu: cha usiku wa Alhamisi, cha Ijumaa,
cha Jumamosi, na kimoja cha akiba foleni isiposogea.
Vinne. Nikaongeza kumi,
nikaandika "vimedondoka" kwenye daftari la stoo.
Mungu anaijua sakafu ile,
haijawahi kudondokewa na kitu.

Miaka mitatu nimempa Mundhiri kidonge
kupitia kidirisha kisichopitisha sahani.
Mwaka wa kwanza alivificha shavuni, akavitema chooni,
maana wenzake wa selo waliuliza kila usiku,
kwa Kiarabu, "Wewe unaumwa nini?"
na kila jibu lilikuwa uongo
au kifungo cha pili.

Mpaka siku niliyojikwaa na ndoo.
"Ala! Nani kaiweka hii hapa?"
Akacheka ndani. Kumbe mama yake mzaliwa wa Wete,
kama wangu, na kwao pia Kiswahili ni cha jikoni,
cha kugombezea na kubembelezea.
Tangu hapo:
"Papa mkavu umemla?"
"Nimemla, na maji juu."
"Kesho usimwache akaoza."
Askari alidhani tunazungumza chakula.
Hakukosea sana.

Ikafika siku maabara ikasema haivioni tena.
Nikamwambia: kutoonekana si kutokuwepo.
Vimelala, Mundhiri.
Usiviamshe.

Kasimu wa kitanda cha juu hakupata Alhamisi.
Yeye si raia. Walimchukua Jumatatu, alfajiri,
moja kwa moja uwanja wa ndege,
na faili lake limebaki kwangu, nene,
halina pa kwenda.
Karatasi ingesomwa na kila mpekuzi,
basi nilimwandikia jina la dawa kiganjani, kwa wino.
"Usinawe mpaka ufike Tanga."
"Na udhu, dada?"
Sikuwa na jibu. Sinalo hadi leo.

Jumapili niliomba ruhusa kazini, nikasema jino.
Nilikaa benchi la kliniki, ushungi umenifika puani,
baridi ya kiyoyozi ikinipiga magotini.
Saa mbili. Saa tatu.
Wakaitwa wenye sukari, wakaitwa wenye presha,
mtoto mmoja akalia mpaka akachoka, akalala.
Saa nne nikaanza kumtukana kimoyomoyo,
yeye, na ukoo wake, na Alhamisi.

Akaingia saa nne na robo.
Kanzu ya kakake, mabega yanamvuka,
na mkononi kikombe cha plastiki, cha kijani.
Nilikielewa kabla hajakieleza mtu:
kikombe walichomtengea nyumbani,
kisichochanganywa na vingine.
Amekuja nacho. Akakijaza maji kwenye mtungi wa ukumbini,
akameza kidonge cha akiba, amesimama, mbele ya watu.

Karani akauliza bila kuinua macho,
"Na wewe, umekuja kwa ajili gani?"

Nikafungua mdomo nimsaidie,
nimtupie papa, nimtupie dagaa, chochote.

Mundhiri akaweka kikombe juu ya kaunta
akalitaja lile neno, kwa Kiarabu, lote,
kama mtu anayetaja mtaa anaokaa.
Karani akaandika.
Akamuuliza namba ya simu.