Dumu la Manjano

Alfajiri, Tukuyu bado imejifunika ukungu.
Nashuka na boksi la barafu
kati ya migomba inayodondosha mvua ya jana
hadi zizini kwa shangazi Tusekile.
Anakamua. Chwaa, chwaa, ndoo inaitikia,
na ng'ombe wake, Sikitu, ananitazama
kama mwenye nyumba anavyomtazama karani wa sensa.

"Shule yote ile, Morogoro, miaka saba,
ili uje kuniomba vijiko viwili vya maziwa?"

Viwili, ndiyo. Na viwili vya maji ya kisima.
Na pamba niliyoizungusha shingoni mwa dumu,
dumu la manjano lililokuja mjini na mafuta ya kula,
mjukuu wa madumu mengine ya sura hiyo hiyo,
yote yamezibwa kwa gunzi la mahindi.

Maabara yetu Uyole ni chumba kimoja
na friji inayokohoa.
Umeme ukikatika nazifunga sahani kwenye blanketi
pamoja na chupa za maji ya moto,
kama watoto njiti.
Nyuzi thelathini na saba: joto la mtu mzima wa afya.
Wanatupenda hivyo tulivyo.

Asubuhi ya pili nafunua.
Maziwa yaliyotoka chuchuni moja kwa moja: doa moja, la pili nina shaka nalo.
Maji ya kisima: mengi.
Dumu...
nilianza kuhesabu. Mia mbili. Mia tatu na kitu.
Penseli ikakata tamaa.
Vidoa vya buluu vimesongamana
kama wanawake wa Mwanjelwa belo la mtumba linapopasuliwa.

"Sikitu hana hatia," niliandika,
kisha nikafuta, maana daftari la utafiti si baraza.
Nikaandika: chanzo kinachoelekea, chombo.
Nikakaa nalitazama neno hilo, chombo,
mpaka chai ikapoa.

Masika moja, nikiwa na miaka sita,
mdogo wangu Lugano alijua kuhesabu hadi kumi na mbili.
Alikunywa maziwa kwa kikombe cha bati,
akafuta masharubu meupe kwa kiganja.
Siku ya tatu, damu.
Siku ya tano, mbao za mlingoti, na msumari mmoja uliopinda.
Na matanga hayajaanuliwa, macho ya watu wazima
yakahamia kwa Bibi Syabumi,
aliyepita uani siku ile kuomba chumvi.
Hakuna aliyesema. Walimnyima salamu, ikatosha.
Aliteremka Kyela na kuku wawili ndani ya tenga,
nami nilimzomea hadi njia panda.

Sina sampuli ya mwaka ule.
Kikombe kilishatoboka, kaburi halina cha kunipimia,
na mtafiti anayesema "ndivyo" bila ushahidi
ni jirani tu mwenye hadubini.

Jumamosi nilimpelekea shangazi kopo la aluminiamu,
mdomo mpana, mkono unafika chini.
Nikamweleza: maji yachemke, sugua, suuza, anika juani.
"Jua lipi? Tukuyu hii?"
Tulicheka hadi Sikitu akageuka.
Akaenda akalikata dumu katikati kwa panga
apandie vitunguu vya majani, kitu hakitupwi kwake,
na ndani, pale mkono haukuwahi kufika,
utando ulikuwa umekaa, mzito kama ukoko wa uji.

Aliugusa kwa ncha ya panga.
Akanyamaza muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji.

"Kwa hiyo si Syabumi."

"Sijui, shangazi. Kwa haki ya Mungu sijui."

Alisuuza panga, akalipangusa kwa kanga,
mbele, nyuma, tena mbele.
Kisha, bila kuinua uso,
akaniuliza nauli ya Kyela siku hizi ni shilingi ngapi.