Mashimo Ishirini

Mvua ya Hogoro haiagi ikiondoka.
Ilinyesha siku mbili, ikakata,
na siku ya tisa mama akanituma shambani:
"Wewe uliyesomeshwa hesabu, kahesabu.
Kila shimo nilitaka mbegu nne za alizeti.
Niambie zimetoka ngapi, nijue kama nirudishie."

Nikapiga magoti kwenye udongo mwekundu,
nikaanzia kwenye uzio wa minyaa.
Shimo hili mche mmoja. Hili mitatu.
Hili limefunga mdomo, halina la kusema.
Mwalimu Mahinyila angesema: hicho ni kigeu nasibu,
nacho hakijui robo wala nusu,
hukanyaga namba kamili tu,
kama mtu avukaye korongo kwa mawe:
sifuri, moja, mbili, tatu, nne.

Nyuma ya daftari la fizikia nikachora jedwali.
Sifuri: mashimo nane.
Moja: kumi na sita.
Mbili: ishirini na manne.
Tatu: ishirini.
Nne: kumi na mawili, yamebanana
kama watoto wa Chilongani kitanda kimoja.

Mama alichimba mashimo mia.
Nikagawa kila idadi kwa mia, nikajumlisha,
nikingoja moja, maana uwezekano wote ukikusanywa
haupungui wala hauzidi,
ni debe lililofutwa juu kwa kijiti.
Nikapata nukta nane.

Nukta nane!
Nikajumlisha tena, toka chini kwenda juu.
Nikalaumu kalamu. Nikalaumu jua.
Nikarudi hadi mstari wa mwisho,
unakopinda kuelekea njia ya ng'ombe,
ule niliouruka nikidhani shamba limeisha.
Mashimo ishirini, wazi, hayakufukiwa,
na pembeni maganda ya alizeti, meusi yenye michirizi,
yamerundikwa vizuri,
kazi ya mtu aliyekaa kitako akastarehe.

Chisumo. Miaka sita.
Ndiye aliyebeba kibuyu cha mbegu.

Nikasimama na swali ambalo mtihani haujawahi kuniuliza:
shimo lililopandwa likagoma,
na shimo ambalo halikupewa kitu,
je, yote ni sifuri?
Kwa mpita njia, ndiyo. Udongo ni udongo.
Lakini la kwanza lilijaribu.
La pili huwezi kulidai jibu.

Nikafuta mia, nikaandika themanini.
Jedwali likakaa:
nukta moja, nukta mbili, nukta tatu,
nukta mbili tano, nukta moja tano.
Debe likajaa.

Jioni nikamsomea mama jikoni.
"Shimo kuwa na angalau miche miwili:
nachukua ya mbili, ya tatu, ya nne, nazijumlisha.
Nukta saba. Kila mashimo kumi, saba."
"Na angalau mmoja?"
Nikaanza kujumlisha tena, vidole juu ya daftari.
Akaniwahi, mkono bado unakoroga mlenda:
"Si uondoe yaliyogoma tu?
Yanayobaki ndiyo yenye uhai."
Moja toa nukta moja.
Wala sikumfundisha mimi.

Nikampigia na hesabu ya kurudishia:
nane yaliyogoma, ishirini yaliyoporwa,
mara nne, mbegu mia na kumi na mbili.
Mama akachota konzi mbili na nusu, hakuhesabu.
Nilihesabu mimi, juu ya ungo, kwa mwanga wa koroboi.
Mia na ishirini.

"Zimezidi nane, mama."

"Hizo za Chisumo.
Yule hana haja ya jedwali.
Ukimpa mbegu abebe, atakula.
Andika hiyo moja yako, nzima,
bila nukta."