Viazi vya Mwaka 1736

Barua ya kwanza ilikuja na ukungu wa Oktoba,
mwandiko wa mzee, herufi zimesimama
kama magogo yanayoegemeza dari la mgodi.
"Bibi Mrak," aliniandikia Bogomir Likar,
aliyemaliza miaka thelathini na mmoja chini ya Idrija
akichimba zebaki, "ukurasa wa tisini na nne
Apolonija wako anamenya viazi.
Mwaka 1736! Bonde hili halikuwa na kiazi,
hata cha dawa."

Nilicheka. Kisha nikaona haya.
Wiki mbili nikawa navitoa viazi vile chunguni,
kimoja kimoja, vingali moto,
mahali pake nikamimina uji wa uwele
na kabichi iliyochachuka pipani.
Nikamjibu: Umenishika ugoni, Bwana Likar.
Toleo lijalo watakula walichokula wazee wako.

Akarudisha kadi yenye maneno mawili:
"Na taa?"

Sikumjibu upesi. Barua zilikuwa zimerundikana.
Tinkara wa Cerkno, miaka kumi na mmoja,
alitaka kujua habari za mbuzi wa sura ya tatu,
yule aliyefungwa mlangoni usiku wa mazishi.
Nani alimfungua?
Nikapekua kitabu changu kama mgeni ndani yake.
Hakuna aliyemfungua.
Kurasa mia mbili mnyama yule amenyeshewa,
kamba shingoni, ananisubiri mimi.

Na mtu mmoja asiyetia sahihi:
"Ulijuaje kwamba baba yake Apolonija
alianza kutetemeka mkono wa kushoto?
Wangu alianza hivyo hivyo."
Sikujua, ndugu. Nilikumbuka tu
kijiko cha babu yangu kikimgonga meno,
supu ikirudi sahanini
na sisi watoto tumekatazwa kutazama.
Zebaki humwacha mtu atoke mgodini,
halafu humfuata nyumbani.

Lakini swali ni lile lile, liwe kwa wino au penseli,
liandikwe na mjane wa Škofja Loka
au na padri anayejifanya anauliza kwa niaba ya rafiki:
Je, alikuwapo kweli?

Hiki ndicho nilicho nacho.
Daftari la kanisa, kurasa zimeliwa na nondo,
mstari mmoja uliobanwa kati ya arusi mbili:
*Wa kike. Wa mchimbaji. Kafa.*
Karani hakuuliza jina, au aliuliza
na baridi ikamgandishia wino.
Mengine yote nimeyafuma mimi,
macho yake, ukaidi wake, vijiti vyake vya kufumia lesi,
hata jina.

Ndipo Likar akaandika tena:
"Amelala upande gani wa makaburi? Magoti yangu mabovu,
sitaki kuzunguka bure."
Nikaandika majibu mawili.
Moja lilikuwa kweli, la pili lilikuwa jema.
Yote mawili yangali kwenye droo.

Siku ya Watakatifu Wote nilipanda kilimani
na mshumaa wa mama yangu.
Makaburi yalikuwa yamewaka mekundu, watu wananong'ona,
na pale kwenye ukuta wa kaskazini, pasipozikwa mtu,
nikakuta ubao mdogo uliopigiliwa ardhini,
herufi zimesimama kama magogo:
APOLONIJA.
Chini yake taa ya udongo, utambi ndani ya mafuta,
taa hasa iliyopaswa kuwa ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Nilikuwa na kalamu mfukoni.
Mimi niliyeng'oa viazi chunguni kwa ajili ya ukweli
niliishika, nikaiachia.
Upepo ulikuwa ukiuvuta ule moto pembeni.
Nikachuchumaa, nikaukinga kwa kiganja cha kushoto,
kinatetemeka, ni baridi tu,
mpaka ukasimama.

Tinkara, kuhusu mbuzi:
bado namtafuta. Nimeshaona kamba.