Kasa wa Mtaroni

Alikuja na ngazi ya kuazima na mikebe saba,
Mbodze, binti wa Charo fundi bomba,
akashuka mtaroni mbele ya mkokoteni wangu,
hapo Maweni, barabara inapopinda kwenda sokoni,
akaanza kuusugua ukuta kwa brashi ya waya.
Nikamwambia: dada, huo ni mtaro.
Akasema: najua.

Palikuwa na kibao cha kaunti,
USITUPE TAKA HAPA, na faini yake kwa tarakimu.
Miaka sita nimekitundikia kitambaa
cha kufutia panga.
Nakata madafu, mimi. Mapigo matatu kichwani,
la nne la kufungua; mnywaji akimaliza
nalirusha kumbi nyuma yangu bila kugeuka.
Mkono umeshazoea. Mtaro haujawahi kunijibu.

Siku kumi na moja alichora.
Kwanza likatokea jicho, kubwa kama sahani ya chai,
halafu magamba, kila gamba na rangi yake:
ya kahawa, ya asali, na moja jekundu, la udongo
alioukinga kwa ndoo kule mdomoni mwa Sabaki
akaukoroga na gundi.
Wachukuzi wakasimama, magunia mgongoni,
watu wasiosimama hata kwa salamu.
Mwenye duka la simu akauliza:
kasa gani huyu hana bahari?
Mbona chini yake umeacha saruji tupu?
Mbodze akakunja ngazi.
"Bahari italetwa."

Tukacheka.
Kanze, kitindamimba wangu, akitoka chekechea
akawa hupita kumwamkia shikamoo,
kwa sababu, alisema, anaonekana mzee.
Akaniuliza kama nimewahi kumwona wa kweli.
Nikajibu ndiyo, upesi, kama mtu anayekana deni.
Uongo. Nimezaliwa mji huu, na pwani
iko mwendo wa sigara moja na nusu,
lakini bahari naijua kwa harufu,
na kwa wageni wanaotoka huko wakiwa na kiu.

Kisha Mei. Mvua usiku kucha, mabati yakilia.
Asubuhi mtaro umejaa hadi pale
Mbodze alipoanzia rangi,
sawasawa, kama aliyepima kwa rula.
Na kasa akaelea.
Wallahi akaelea: mawimbi madogo yakamtikisa,
mapezi yakapiga, jicho likalowa.
Tukajaa ukingoni, suruali tumekunja.
Ndipo yakaja.
Chupa. Kopo la mafuta ya kupikia. Kiatu cha kushoto.
Na makumbi, makumbi yangu,
yakibiringika moja baada ya jingine,
yakimgonga mdomoni,
na mdomo ule, aliouchora wazi kidogo,
ukawa kama unayapokea.
"Baba," akasema Kanze, "unamlisha nini?"

Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitazama.

Nilishuka. Sitajiita shujaa: maji yalikuwa ya magoti
na reki ilikuwa ya mtu.
Mwenye duka la simu akashuka pia,
akatoka baada ya dakika mbili, akiihofia saa yake.
Wiki iliyofuata mtu alitupa godoro.
Kibao bado kipo. Watu bado ni watu.

Lakini Jumapili niliufuata mtaro,
mara ya kwanza maishani, Kanze begani,
nyuma ya bohari, chini ya kidaraja cha mbao,
kupitia nyuani mwa watu walioniuliza nimepoteza nini,
mpaka unapotapika mchangani.
Sabaki ilikuwa imeitia bahari wekundu,
uleule wa lile gamba.
Na pale, katikati ya mwani, kumbi la dafu,
kuukuu, jeusi, limefika kabla yangu.
Nikaligeuza.
Mapigo matatu, la nne la kufungua.
Mwandiko wangu.

Kanze akalitaka la kuchezea.
Nikamwambia ngoja,
nikabaki nimelishika.