Bawa la Tatu

Nimekata tiketi mbili, safu ya nyuma,
sinema ya ghorofa ya tano hapa Toyama,
juu ya duka la majiko na magodoro.
Binti yangu Chihaya ana bisi mkononi na subira ya kuazima.
"Baba, huyo Korongo wa Chuma wako alilia vipi?"
Kama mlango wa ghala la mchele, namwambia,
unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha watu.

Ilikuwa kila Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni.
Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha,
mimi na kaka yangu Yoshiro chini ya blanketi la kotatsu,
miguu ikigombana, macho yakipatana.
Baba alitaka besiboli.
Mama akasema, nusu saa tu, waachie.
Nusu saa hiyo imenichukua miaka arobaini.

Tulijua kila kosa.
Katika sehemu ya kumi na tisa mchoraji fulani,
usingizi umemlemea alfajiri, bila shaka,
alimpa Korongo mabawa matatu.
Kufumba na kufumbua, basi.
Yoshiro aliruka akamwaga chai yote.
Shuleni hakuna aliyetuamini:
hatukuwa na kanda, hatukuwa na picha,
tulikuwa na neno langu na neno lake.

Taa zinazimwa.
Huyu hapa. Anang'aa mno.
Ile kutu ya shingoni haipo,
ile ambayo Itsuki aliisugua kwa kitambaa cha mama yake
juma baada ya juma, isitoke,
na kutotoka kwake ndiko kulikokuwa hadithi.
Mimi ni dobi. Najua nguo ikipigwa pasi kupita kiasi
humsahau aliyeivaa.

Itsuki naye ana koo jipya.
Bibi aliyemsemea zamani amefariki;
siku ile nilifunga duka saa nane,
nikawaambia wateja naumwa jino.

Wanakimbia, wanalipuka, wanakimbia tena.
Zamani Korongo alisimama katikati ya mpunga dakika nzima,
hatikisi hata unyoya.
Ukubwani nikasoma kwamba fedha za michoro zilikuwa zimekwisha.
Mimi nilidhani anafikiri.
Nami nikajifunza kufikiri hivyo hivyo,
nimesimama, maji yakiwa magotini.

Chihaya analia.
Analia pale pale nilipokuwa nahesabu makosa,
na kwa mara ya kwanza usiku huu
nauonea haya uhasibu wangu.

Halafu, karibu na mwisho,
Korongo yuko mbali, mdogo kama punje, anakatiza jua.
Moja. Mbili.
Tatu.

Sikupumua.
Kumbe mahali fulani, mbele ya mashine za mamilioni,
amekaa mtu aliyekuwa mtoto Ijumaa ile,
naye pia aliitwa mwongo shuleni.

Msinielewe vibaya: filamu si nzuri.
Ni ndefu, ina kelele,
muziki wake unakudai machozi kama mtoza kodi.
Nitaitazama tena Jumatano.

Kwenye maegesho theluji inaanza, nyembamba, ya kubahatisha.
Yoshiro yuko Sapporo.
Miaka tisa hatujasemeshana, tangu nyumba ya baba iuzwe,
na nani alisaini nini, na nani alichukua kabati.
Namba yake bado ninayo. Vidole vimekufa ganzi.
Naandika: *Lipo. Wameliweka.*
Sielezi nini.

Chini ya maneno yangu panatokea neno dogo la kijivu:
imesomwa.
Nasubiri. Kioo cha gari kinafunikwa ukungu wa pumzi zetu.

"Unamwandikia nani?" Chihaya auliza.
"Shahidi," namwambia,
na nawasha gari.